Kulungu Hawakushtuka

"Iko mbele ya pua yako, Afande," alisema fundi wa kamera. "Ingekuwa nyoka, saa hizi tungekuwa tumekubeba."

Inspekta hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya mti ule dakika nzima, akiukagua kuanzia mizizi hadi matawi, na alichokiona ni gome, ukungu na mchwa. Kituoni walimwita Kobe, kwanza akiwapa kisogo na siku hizi hata usoni, kwa sababu kila kesi aliizunguka mara tatu kabla ya kuigusa. Jina halikumkera. Mwenda pole hajikwai, alikuwa akiwajibu, na wao wakiangua kicheko.

Lakini leo muda wa kuzunguka haukuwepo. Saa nane mchana jalada la mauaji lilitakiwa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Likifika huko jinsi lilivyo, mlinzi wa msitu mwenye miaka sitini na miwili angesomewa shtaka la kuua. Watu walimwita Mzee Kiko, kwa ajili ya kiko chake kisichotoka mdomoni. Alikuwa mahabusu tangu Jumatatu jioni, na leo ilikuwa Ijumaa.

"Nioneshe," Kobe alisema.

Fundi alinyoosha mkono juu ya kichwa chake, akabandua kipande cha gome. Nyuma yake palikuwa na kisanduku kisichozidi tofali, kimeinamishwa kidogo kuelekea kijia kilichotoka kwenye chemchemi. Hiyo ndiyo ilikuwa kamera namba saba.

"Mbona juu hivyo?"

"Kulungu hana mazoea ya kutazama juu. Adui zake wote wanatembea chini." Fundi alizungumza kwa raha, kama mtu anayesifu mtoto wake. "Ukiifunga usawa wa macho yake, ataiona, atasimama, atapiga kwato, ataondoka, na wenzake hutawaona wiki nzima. Hiki kitaa chekundu nakiziba kwa utepe. Gome nachukua la mti uliokwisha kuanguka. Tena siji kwa kijia, nazunguka kwa nyuma nikikanyaga mawe."

"Basi ukishaificha, kazi imekwisha."

"Imekwisha wapi! Macho ya kulungu unaweza kuyadanganya. Kazi ipo kwenye pua. Asubuhi ya kuja hapa sigusi sabuni, sigusi mafuta. Glavu zinachemshwa na magome ya mti huu huu. Nikishafunga, napaka tope juu. Mtu yeyote akiishika kamera hii kwa mikono mitupu, kulungu watajua kabla yako wewe na polisi wako."

Koplo, aliyekuwa amesimama nyuma na daftari lake, alikohoa. Kobe alijua kikohozi hicho. Koplo alikuwa kijana wa maneno machache, na akikohoa hivyo ana jambo.

"Na ufunguo wa kisanduku?" Kobe aliuliza.

"Zipo tatu. Mmoja wangu, mmoja wa Daktari wa kituo cha utafiti, mmoja ulikuwa kwa Mzee." Fundi alishusha sauti. "Afande, usinifanye niseme zaidi. Yule ni baba mkwe wangu. Amenipa binti yake."

"Sijakuuliza zaidi."

Hakuwa na haja ya kuuliza, maana jalada lilikwisha kusema. Jumatatu alasiri, ukingoni mwa msitu, nusu saa kwa miguu kutoka kwenye mti huu, mtegaji mmoja aliyejulikana kwa kuiba wanyama alikutwa amepigwa risasi mgongoni. Bunduki iliyomuua ilikuwa ya Mzee Kiko. Wa kwanza kuuona mwili alikuwa Mzee Kiko. Ili kufika pale bila kupita langoni, ilibidi mtu apite kijia hiki, mbele ya kamera hii. Polisi walipoifungua kamera Jumatano, walikuta kadi ambayo picha zake zilianza Jumatatu saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Kadi ya kabla yake, iliyomwona muuaji, ilikuwa imechomolewa.

Mzee mwenyewe alikuwa akijichimbia kaburi kwa mikono yake. Siku ya kwanza alisema aliiacha bunduki kibandani alipojinyoosha baada ya chakula. Siku ya pili akasema hapana, haikutoka begani mwake. Siku ya tatu akafunga mdomo. Kobe alikuwa amehoji wauaji wengi, na wote walitafuta mlango wa kutokea. Huyu alikuwa anaufunga, na hilo lilimnyima usingizi.

Wakati wa kurudi, fundi aliaga. Alisema anabaki kidogo kurekebisha utepe.

Walipofika kwenye gari, Koplo akasema, "Afande, umemtazama macho?"

"Yana nini?"

"Yako chini. Tangu tumeingia msituni hajainua uso ila alipoonesha kamera. Kama mtu aliyedondosha kitu."

"Rudi basi. Kaa mbali, usimguse, usimsemeshe. Akitoka, mfuate."

Kituo cha utafiti kilikuwa nyumba ndefu ya matofali, na ofisi yake ilinuka karatasi na vumbi la joto la kompyuta. Daktari wa wanyama, mwanamke mrefu aliyezungumza kama anayechelewa basi, alimpokea mlangoni bila kumkaribisha kiti.

"Nimeshatoa maelezo, Afande. Mara mbili."

"Nimekuja kutazama kulungu tu, Daktari."

Mbele ya kompyuta alikuwa ameketi Mama Pacha. Alikuwa binti wa Mzee Kiko na mke wa fundi wa kamera, na kazi yake ilikuwa kupitia kila picha na kuiandika. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mama. Pole sana."

"Nimeshapoa." Alisema hivyo kama watu wanavyosema, huku akionekana wazi hajapoa hata kidogo.

Kobe alimgeukia Daktari. "Mtuhumiwa ni baba yake. Mmemwacha ashike picha?"

"Polisi mna nakala. Na hakuna mwingine anayewajua wanyama hawa mmoja mmoja. Mimi naona kulungu. Yeye anamwona Sikio Pengo, anamwona Bibi Harusi, anamwona yule dume wanayemwita Mdeni kwa sababu hapiti njia moja mara mbili."

Mama Pacha alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likakumbuka siku ya leo likaondoka.

Kobe alivuta kiti mwenyewe. "Mtu akiishika kamera kwa mikono mitupu, wanafanya nini?"

"Wanashtuka," Daktari alijibu. "Wanasimama, masikio mbele, mkia juu, wanatazama pale pale. Wengine wanageuza. Huchukua siku tatu, nne, mpaka harufu iishe."

"Na mnaandika?"

"Kila picha. Kula, kupita, kushtuka. Lengo letu ni ukurasa wa kushtuka uwe mweupe."

"Nioneshe mara ya mwisho ambapo haukuwa mweupe, kwa namba saba."

Mama Pacha alibofya. Picha zikapita moja baada ya nyingine, na kulungu wote ndani yake walikuwa wamekaza shingo kama wageni waliosikia wanasengenywa. "Mwezi uliopita," alisema taratibu. "Baba alipita kule siku ya mvua. Akauegemea ule mti, akawasha kiko. Hata kisanduku hakukigusa. Siku nne hatukupata mnyama aliyetulia."

"Nilimgombeza," Daktari alisema. "Tangu hapo kijia cha chemchemi ni marufuku kwake. Mzee anabeba tumbaku hadi kwenye kofia."

"Sasa nipe Jumanne hii. Alfajiri."

Mama Pacha hakubofya mara moja. Kobe aliona kidole chake kimesimama juu ya kitufe kwa muda, halafu kikashuka.

Sikio Pengo alikuwa chini kabisa ya kamera, na mtoto wake ubavuni. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, yaani muda wa saa kumi na mbili na nusu hivi tangu kadi mpya iwekwe. Kichwa kilikuwa chini na mdomo umejaa majani. Picha iliyofuata, hivyo hivyo. Iliyofuata, mtoto ananyonya. Saa moja asubuhi akaja Bibi Harusi, akajikuna ubavu kwenye mti wenyewe, akaenda zake.

Kobe alisoma ukurasa. Kula, kula, kula, kupita. Safu ya kushtuka ilikuwa nyeupe.

"Daktari," alisema, "Jumatatu jioni mtu alinyoosha mkono pale juu, akafungua kisanduku, akachomoa kadi, akaweka nyingine, akafunga. Mzee Kiko akiegemea tu, wanyama wanakimbia siku nne. Huyu ameingiza mkono hadi ndani, na asubuhi yake kulungu ananyonyesha chini yake. Niambie maana yake."

Daktari alikaa chini kwa mara ya kwanza. "Mungu wangu. Alivaa glavu."

"Na akapaka tope upya, akarudisha gome, akaja kwa nyuma akikanyaga mawe. Mwizi wa kawaida angechomoa akakimbia. Huyu ameua mtu, damu inamchemka, lakini bado amewastahi kulungu. Ni mazoea hayo, Daktari. Mkono umefanya bila kumuuliza mwenyewe. Glavu ziko jozi ngapi?"

"Mbili. Za fundi, na za akiba."

"Za akiba ziko wapi?"

Alifungua kabati. Mfuko ulikuwa umefungwa kwa utepe wa karatasi wenye tarehe ya miezi mitatu iliyopita, na utepe haukuwa umepasuka. Hata hivyo, Kobe alimkazia Daktari macho. Huyu naye alikuwa na ufunguo. Isitoshe, mfukoni mwa marehemu palikutwa mchoro wa msitu wenye alama za mahali kamera zilipo, na siri hiyo haikuwa ya kila mtu.

"Ulisema Jumatatu ulishinda hapa ofisini," Kobe alisema. "Daftari la langoni linasema gari lako lilitoka saa nne asubuhi, likarudi Jumanne."

Daktari alimtupia jicho Mama Pacha, akatazama dirishani. "Nilikwenda kwenye usaili mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari. Kazi nyingine. Sikutaka watu wangu wajue nataka kuwakimbia."

"Kuna atakayelithibitisha hilo?"

"Watu watano walionihoji toka saa saba hadi saa kumi. Piga simu hata sasa." Aliandika namba kwenye karatasi na kuisukuma mezani kwa hasira. Mkono ulipopita, harufu ya mafuta ya waridi ikamfikia Kobe puani. Mwanamke anayenukia hivyo hajakaribia kulungu siku nyingi.

"Mara ya mwisho umeigusa kamera lini?"

"Mimi? Fundi wangu mwenyewe amenipiga marufuku. Ananiambia nanuka harusi."

Kobe alipiga simu. Dakika tatu zilitosha, kwani Daktari alikuwa amesema kweli. Alipokata simu na kugeuka, kiti cha mbele ya kompyuta kilikuwa kitupu.

"Amekwenda nyumbani," Daktari alisema. "Saa saba kasoro. Pacha wake wanatoka shule saa tisa, huwa anapika mapema."

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nyuma ya kituo, safu moja ya vyumba viwili viwili. Kobe alibisha hodi akapita moja kwa moja hadi jikoni. Mama Pacha alikuwa amesimama mbele ya jiko lisilo na moto. Hakuwa anapika. Kwenye kona kulikuwa na sufuria kubwa jeusi, na juu ya kamba ya dirishani zilianikwa glavu mbili.

"Karibu, Afande." Hakugeuka. "Nilijua utanifuata. Wanakuita Kobe lakini unatembea."

"Nani anachemsha glavu hizi?"

"Mimi. Mume wangu anajua kuzivaa tu."

"Siku gani?"

"Kamera zinatembelewa Alhamisi. Akirudi anazitupa kwenye sufuria lile, mimi nachemsha jioni, naanika, naziweka kwenye mfuko wa majani mpaka Alhamisi nyingine. Miaka sita sasa."

"Jana ilikuwa Alhamisi. Lakini jana hakuna aliyekwenda kwenye kamera, polisi walizuia." Kobe alisogea hadi dirishani, akaigusa glavu moja. Ilikuwa imekauka kau, imekakamaa. "Mwanangu, hizi hazikuchemshwa jana, na za Alhamisi iliyopita zingekuwa kwenye mfuko."

Mama Pacha aligeuka kwa mara ya kwanza.

"Nakuuliza mara moja, na sitakuuliza mara ya pili. Jumatatu jioni ulikuta nini kwenye sufuria?"

Mwanamke aliushika ukingo wa meza. Kobe alimwonea huruma, akajikaza asioneshe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema uifanyeje nguo yenyewe ikiwa umeishi nayo miaka sita na kuzaa nayo watoto wawili.

"Jana nilimpelekea Baba chakula," Mama Pacha alisema hatimaye. "Mlinzi wa mahabusu alitupa dakika tano. Unajua aliniambia nini? Aliniambia, nyamaza. Alisema alipoamka kibandani bunduki ilikuwa imegeuzwa, mtutu ukutani, na yeye haiweki hivyo. Tena mezani palikuwa na kofia ya mume wangu. Akaificha. Amejua tangu Jumatatu. Akaniambia, mimi nimekwisha kuishi, watoto wako ndio kwanza wanaanza, waachie baba yao."

"Na wewe?"

"Mimi nimekuwa nikiwaza hivyo hivyo siku tano. Nikiamka upande wa kulia, nasema nitasema. Nikiamka wa kushoto, nanyamaza."

"Saa nane jalada linatoka mikononi mwangu. Likishatoka, sina tena la kufanya kwa ajili ya baba yako."

Mama Pacha alivuta droo ya vijiko. Alitoa kitambaa kidogo kilichofungwa fundo, akakiweka mezani, akakifungua. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kamera, ndogo kama ukucha.

"Akichomoa kadi huwa haiweki mfukoni, mfukoni mna jasho na mafuta ya mwili. Anaichomeka ndani ya kidole gumba cha glavu. Kila Alhamisi mimi ndiye ninayeitoa kabla sijachemsha. Jumatatu alifika kama mtu aliyefukuzwa, akavua, akatupa kwenye sufuria, akaenda kuoga. Hakukumbuka. Mpaka leo anadhani aliidondosha msituni. Kila siku anakwenda kuitafuta, anarudi na matope, mimi namwekea maji ya moto."

"Umezitazama picha?"

"Ndiyo kazi yangu. Yule mtegaji ametangulia. Mume wangu nyuma yake, na bunduki ya Baba. Wanagombana. Kisha mume wangu anarudi peke yake. Alikuwa akimwuzia yule mtu njia za kulungu, Afande. Wanyama niliowapa majina. Bila shaka yule alitaka kumsema kwa Daktari."

Nje kulisikika viatu. Mlango wa mbele ulifunguliwa na fundi akaingia, suruali imejaa tope hadi magotini, akisema kabla hajawaona, "Mama Pacha, maji yako tayari?" Nyuma yake, hatua kumi, alikuwa Koplo.

Alisimama kwenye mlango wa jikoni. Alimwona Kobe, akatabasamu. Halafu akaona kilichokuwa juu ya meza, na tabasamu likabaki mdomoni halijui liende wapi.

"Umeipata wapi?" alimwuliza mkewe.

Koplo alikuwa amefika mlangoni, akatoa daftari, akaandika maneno yale mawili na saa yake. Fundi alisikia kalamu. Akageuka kumtazama, akageuka tena kwa mkewe, na sasa alikuwa ameelewa alichosema.

"Nilitaka kumtisha tu," alisema. "Wallahi, kumtisha. Aligeuka akakimbia, nami sijui... Mama Pacha, mwambie Afande. Mwambie mimi si mtu wa kuua."

"Jumatatu ulikula chakula nilichopika," Mama Pacha alisema. "Baba yangu amefungwa pingu, na wewe ukaniomba chumvi."

"Nilikuwa natafuta namna ya kumtoa."

"Ulikuwa unatafuta kadi."

"Watoto je? Umefikiria watoto? Unataka wakue bila baba?"

Fundi alilia sasa, wazi wazi, bila kujifunika uso. Kobe alifikiri huenda mkewe atarudi nyuma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alishikwa na hofu ya kweli. Lakini Mama Pacha aliichukua kadi kwa kitambaa chake, akaiweka kwenye kiganja cha Inspekta, akakifunga kiganja kile kwa mikono yake miwili.

"Hata mimi ni mtoto wa mtu," alimwambia mumewe.

Kobe alimwashiria Koplo, na fundi akatoa mikono mwenyewe. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Inspekta alitoka uani, akapiga namba ya mwendesha mashtaka, akamwambia jalada halitakuja leo. Kisha akampigia mlinzi wa mahabusu, akamtaka ampe Mzee Kiko simu, akarudi jikoni na kumpa Mama Pacha aongee naye yeye mwenyewe.